Bi Kaza na Panga la Mashoto

Shangazi yangu alikaa miaka ishirini na saba kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi, akichonga mipini na kuchagulia watu mapanga. Nasema kwenye baraza kwa sababu ndani hakuwahi kupewa nafasi. Ndani kulikuwa na feni, kaunta ya kioo na kalenda tatu za mwaka uliopita. Nje kulikuwa na yeye, kigogo chake cha kuchongea, tupa mbili, randa, na jiwe la kunolea lililobonyea katikati kama mto wa mtu anayependa kulala. Mwenye duka alimruhusu akae pale kwa kuwa alimvutia wateja, lakini kiti hakumpa. Kiti alikuja nacho mwenyewe kutoka nyumbani, na jioni alirudi nacho kichwani.

Jina lake la kuzaliwa tulilijua sisi wa ukoo tu. Mji mzima ulimwita Bi Kaza.

Ukienda kununua panga hakukuuliza unataka lipi. Alikuuliza unakata nini. Ukijibu kwamba unataka la nyumbani tu, la kazi zote, alikucheka mpaka ukatafuta pa kutazama. "Nyumbani kuna nini? Kuna nyasi, kuna ua, kuna migomba, kuna kuni? Panga moja haliolewi na waume wanne!" Wa nyasi alimpa refu, jembamba, jepesi, ili asiumize kiuno kwa kuinama. Wa kupunguza ua alimpa fupi na pana. Wa matawi na visiki alimpa lile zito upande wa ncha, uzito uangukie mbele wenyewe. "Ukikatia matawi panga jepesi," alikuwa akisema, "kazi yote italifanya bega lako, na bega halina duka la spea."

Kisha alilijaribu. Aliegemeza ncha kwenye ngazi ya baraza, akalisukuma lipinde kidogo, akaliachia. Likibaki limepinda, alilitupa pembeni, maana chuma chake kilikuwa laini. Likikataa kabisa kupinda, nalo alilitupa, maana lingemeguka kwenye jiwe la kwanza. Aligonga bapa kwa ukucha akasikiliza. Mwisho aligeuza mpini akatazama kitako chake, aone kama ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini umefika hadi mwisho. Hapo ndipo alipokuwa mkali kuliko pote. "Chuma kisichofika mwisho wa mpini ni mgeni," alisema. "Ataondoka bila kuaga."

Baada ya yote hayo alikushikisha, akasema, "Kaza!" Nawe ukaze. Alilishika panga kwa mgongo wake akalivuta, na mwanamke yule hakuvuta kwa kukubembeleza. Likitoka mkononi mwako, mpini ule haukuwa wako, naye aliurudisha kwenye kigogo akaupunguza kwa randa au akachonga mwingine mnene zaidi. Lisipotoka, alikuachia akasema, "Haya, mmejuana. Nenda."

Kwa hiyo hakukubali kuuchagulia panga mkono usiokuwepo. Wanaume walikuja wakasema wanawanunulia wake zao, akawauliza, "Mkeo hana mikono? Mlete." Walinuna, wakacheka, wakawaleta.

Mama yangu ni mtu wa mashoto. Kwao walimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa alipokuwa mdogo ili ajifunze wa kulia, na walipoufungua ukarudi kazini siku hiyohiyo. Alishonea watu nguo nyumbani, sebuleni kwetu, na mkasi wake hakuna mwingine aliyeweza kuutumia bila kujikata. Na nyuma ya nyumba alikuwa na bustani yake, ambayo aliilima na kuifyeka mwenyewe, kwa kuwa baba alikuwa mtu wa kalamu. Alipoolewa, zawadi ya kwanza aliyopewa na wifi yake, yaani huyu shangazi yangu, ilikuwa panga. Wengine walileta vyombo na mashuka. Shangazi alimkalisha mama barazani, akaupima mkono wa kushoto kidole kwa kidole, akachonga mpini wenye uvimbe upande usiozoeleka, akanoa makali yakiegemea upande wa pili. Halafu akamwambia akaze, akavuta, likakataa kutoka. Walicheka wote wawili mpaka bibi harusi akatokwa na machozi. Mawifi wengi huwa na vijembe vyao. Hawa wawili walipendana tangu siku ile, na mimi nimekua nikijua hivyo.

Sasa nimseme baba yangu.

Baba alikuwa karani wa masijala. Shangazi ni dada yake mkubwa. Alimbeba mgongoni wakati mama yao akiwa shambani. Mwaka ambao baba alipandishwa cheo, akawa mkuu wa masijala, alikwenda na bosi wake na wenzake wawili kununua makufuli ya makabati ya ofisi, kwenye duka lile lile. Shangazi alikuwa ameketi na maranda hadi kwenye nywele. Alipomwona alinyanyuka na furaha yake yote, "Kaka yangu! Karibuni, karibuni!" Bosi akageuka akauliza, "Ni ndugu yako huyu?"

Baba akasema, "Aa, huyu? Ni jirani wa zamani tu. Alitujua tukiwa wadogo."

Shangazi alisikia. Alinisimulia yeye mwenyewe, mara moja tu, bila kulia, huku akipiga tupa. Alisema alikaa chini, akachukua randa, akaendelea, kwa kuwa kulikuwa na mteja anasubiri.

Tangu siku hiyo baba akawa anapita njia nyingine kwenda kazini. Aibu ya mtu mwenye makosa ni kitu kibaya. Badala ya kumpigisha magoti, humfanya awe mkali. Alimkataza mama kwenda barazani. "Usiniaibishe mjini," alisema, "mke wa mkuu wa masijala kukaa chini na maranda." Mama alimeza. Mama alikuwa akimeza mengi, na mimi nilimlaumu kwa hilo zamani, siku hizi namlaumu baba peke yake.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, nafundisha shule ya msingi, bado naishi nyumbani, na nilikuwa nikipita kwa shangazi nikitoka kazini. Nilikuwa mjumbe wao. Shangazi alikuwa amekwisha kumtengenezea mama panga jipya. Alijua la zamani limechakaa. Alipiga hesabu ya miaka na mara lilizonolewa, akajua. Lilining'inia kwenye msumari ukutani, juu ya kichwa chake, na wateja walipolitaka aliwaambia lina mwenyewe. "Mwambie wifi yangu panga lake lipo," aliniambia. "Nimebakiza mpini tu kuumalizia. Ulete mkono wake."

Nilimwambia mama. Mama akasema, "Baba yako akitulia, nitakwenda."

"Atatulia lini?"

"Watu hutulia, mwanangu."

Ningeweza kulichukua panga lile lilivyo nikampelekea. Shangazi angekataa, lakini ningeweza kulilia, ningeweza kuliiba. Sikufanya hivyo. Niliheshimu kanuni yake na nikaheshimu katazo la baba, na kwa heshima hizo mbili mama yangu akabaki na panga lililolika hadi likawa kama kisu cha mkate.

Mwaka huo mwenye duka alileta mapanga mapya. Yaling'aa, yalikuwa na mipini ya plastiki nyekundu, na kila moja lilivikwa ala ya karatasi ngumu yenye picha ya simba. Shangazi alichukua moja, akaligeuza, akaona kitako kimefunikwa na plastiki. Hakuridhika. Akaukata mpini kwa msumeno mbele ya mwenye duka. Ndani, mkia wa chuma ulikuwa na urefu wa kidole gumba, na ribiti moja tu ya kuubana.

"Hili si panga," akamwambia. "Hiki ni kijiko."

"Watu wanapenda rangi, Bi Kaza."

"Kisiki hakipendi rangi."

Mwenye duka aliyapanga dirishani. Shangazi naye akaanza kazi mpya ambayo hakuna aliyemtuma. Kila mtu aliyetoka dukani na mpini mwekundu, alimwita, "Hebu nione, ndugu yangu," akamwonyesha ule mpini alioukata. Watu walirudi ndani wakabadilisha. Kumi na mmoja walirudisha kwa wiki mbili, wengine hata hawakujua jina lake. Mwenye duka alimtishia kumwondoa barazani, naye akamjibu kwamba kiti ni chake, atakaa hata upande wa pili wa barabara. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kile kibaya kilikuwa kimevishwa simba ili kitembee vizuri.

Ndiyo wiki aliyolalamika mama. Hakulalamika sana, alisema tu wakati wa chakula kwamba ua umefunga upande wa nyuma, kuna visiki vimechipua, na panga lake halikati tena hata mboga. Nadhani alisema kwa makusudi. Nadhani alitumaini baba atasema, haya, nenda kwa dada. Baba aliweka kijiko chini, akafikiri, na nikaona anafikiria jambo hilohilo. Kisha akasema, "Nitakununulia jipya. La kisasa, lisilooza mpini."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Akaniambia nimsindikize.

Njiani nilimwambia, "Baba, mchukue mama achague mwenyewe."

"Panga ni panga," akasema.

Tulipofika, shangazi alikuwa ameupa mwanga mgongo, anachonga. Aliinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu baba kukanyaga pale. Niliona randa ikasimama mkononi mwa shangazi, na nikaona uso wake ukafunguka kidogo, kama mtu aliyesikia hodi. Alikuwa akingoja salamu. Nakula kiapo alikuwa akingoja salamu tu, hata ya jirani wa zamani.

Baba alipita. Alitazama mbele, akapanda ngazi ile ile ya kupimia mapanga, akaingia ndani. Na mimi nilipita nyuma yake. Kila siku nilikuwa nikimwamkia shikamoo na kukaa kwenye maranda yake, na siku hiyo, kwa kuwa baba yangu alikuwa mbele, nilimsalimia kwa macho.

Ndani ilichukua dakika tano. Mwenye duka alifurahi kumwona mtu mkubwa, akamletea lenye simba. Baba alilipunga hewani mara mbili, kama watu wasiojua wanavyofanya. Likafungwa kwenye gazeti. Nilijua mapanga yale. Nilikuwa nimeuona mpini uliokatwa, nilikuwa nimeushika mkononi. Nikasema, "Baba, haya shangazi anasema hayafai," na baba akaniangalia mbele ya mwenye duka, na mwenye duka akacheka, akasema, "Bi Kaza kwake kila kizuri kibaya, mzee, anaogopa kukosa kazi ya mipini." Nikanyamaza. Mwalimu mzima, mwenye darasa la watoto hamsini, nikanyamaza.

Tukatoka. Gazeti lilikuwa fupi na mpini mwekundu ulichungulia. Shangazi aliuona. Mdomo wake ulifunguka. "Hebu ni—" alisema.

Baba akaniambia, "Twende."

Na mdomo ukafunga. Aliwaita watu kumi na mmoja wasiomhusu, akabishana nao, akatukanwa na wengine. Kwa ndugu yake alichukua randa na kuendelea.

Jumapili asubuhi mama alikwenda nyuma ya nyumba. Alikata ua vizuri, akaniita nione, akasema baba yako kajitahidi. Halafu akashuka kwenye visiki. Nilikuwa naosha vyombo nje. Nilisikia mapigo matatu, na la nne halikuwa na sauti ya kukata. Panga lilikuwa limekwama kwenye kisiki, mpini ukapasuka, na mkono wake ambao ulikuwa bado unakwenda na nguvu zake zote ukateleza mbele, juu ya makali. Alipogeuka aliushika kwa mkono mwingine na hakulia. Alisema, "Niletee kanga, mwanangu, haraka." Mpini mwekundu ulikuwa chini, mzima upande mmoja, msafi kabisa.

Hospitalini daktari alisema mishipa inayokunja vidole vinne imekatika. Wameshona. Tungojee miezi miwili, kisha tuone kama utashika. Hakuahidi kitu. "Akishika, ameshika," alisema.

Wenyewe husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu aliyekaidi ana miguu yake yote miwili, na viatu amevipiga rangi. Tafuteni methali nyingine.

Shangazi alikuja wodini Jumatatu, na maranda yake. Mama alikuwa amelala kwa dawa. Baba alikuwa ameketi kwenye benchi, ameshika kofia. Walitazamana juu ya kitanda.

"Ulijua?" baba akauliza.

"Nilijua."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Jirani wa zamani," shangazi akasema, "hamfundishi mkuu wa masijala kununua panga."

Nilitaka kupiga kelele. Miaka mitatu alikuwa ameliweka neno hilo, amelinoa pande zote mbili, na sasa alikuwa amelitoa, na kati yao alilala mtu aliyefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, ambaye hakumkana mtu wala kumnyima mtu salamu. Baba aliinamisha kichwa. Shangazi alisimama akingoja, sijui alingoja nini, labda alidhani neno lile likitoka atapata nafuu. Hakupata. Alikaa sakafuni, palepale, akashika mguu wa kitanda. Niliwachukia wote wawili, na nilijichukia mimi kuliko wao, kwa kuwa wao walikuwa na ugomvi na mimi sikuwa na hata huo.

Mashine ya kushonea ilifunikwa shuka. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa, wakisema pole, pole sana. Baba alianza kufagia ua mwenyewe. Hakuomba radhi kwa mtu yeyote kwa maneno. Alifagia.

Miezi miwili ilipotimia, bandeji ikaondolewa. Mkono ulikuwa mwembamba, una mstari wa waridi uliokatiza kiganja. Mama aliurudisha nyumbani akiwa ameuweka mapajani kama kitu cha kuazima. Daktari alimwambia ajaribu vitu laini kwanza, sifongo, soksi iliyokunjwa. Mama akasema sawa. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Nenda kamwambie wifi aniletee panga langu."

"Mama, daktari amesema—"

"Nimesikia alichosema. Nataka kujua, na kujua huko sifongo haina. Mwambie mkono uko tayari."

Shangazi alikuja jioni ile ile, jua bado liko juu ya mabati. Panga alikuwa amelifunga kwenye gunia. Baba alimfungulia mlango, akasema, "Karibu, dada," na sauti yake ilikatika kwenye neno la pili, na shangazi akajibu, "Ahsante," akampita. Walikuwa wamechelewa mno kwa hayo.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kushonea. Shangazi alilifungua gunia. Sijapata kuona panga zuri kama lile. Zito mbele, makali yameegemea kushoto, mkia wa chuma umepita mpini wote na kuchungulia kitakoni, ribiti tatu zimesawazishwa hadi hazisikiki kwa kidole. Mpini alikuwa ameumaliza bila mkono wa kupimia. Aliumaliza kwa kukumbuka.

Akauweka kwenye kiganja cha mama, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja kuuzunguka. Vilikaa alipoviweka.

"Kaza, wifi," akasema.

Alilishika panga kwa mgongo, akavuta. Likaja. Lilitoka bila kusita.

Mama alitazama kiganja chake. "Sikuwa nimejiandaa," akasema. "Rudisha."

Shangazi akarudisha, akakunja tena vidole vile vinne. Mshipa wa shingo ya mama ulisimama. Alikuwa anakaza kwa bega, kwa meno, kwa kila kitu alichonacho. Baba alikuwa mlangoni.

"Vuta," mama akasema.

Shangazi akashika. Nilikuwa karibu, niliuona mkono wake. Kwa miaka ishirini na saba sijawahi kusikia kwamba Bi Kaza alimdanganya mtu. Alikunja uso kama anayevuta, akaguna, na kiwiko chake hakikusogea hata kidogo. Kisha akaliachia.

"Haya," akasema. "Mmejuana."

Panga lilibaki mkononi mwa mama, limelala juu ya paja. Mama hakulitazama. Alimtazama wifi yake kwa muda mrefu, bila hasira.

"Wifi," akasema, "hukuvuta."